Maziwa Yaliyolala

Siku ile chupa haikufika hata nusu. Mama Kibonge aliiinua kwenye mwanga wa balbu ya stoo, akaitikisa, akaiangalia tena, maana huenda macho ndiyo yaliyokuwa na makosa. Muda si mrefu uliopita alikuwa akikaa juu ya gunia lile lile la taulo chakavu, anakamua titi moja tu, na chupa inajaa mpaka shingoni. Leo amekamua yote mawili mpaka vidole vimekufa ganzi, na alichoambulia hakitoshi hata kumlaghai paka.

Aliizungushia chupa taulo lenye barafu, akaisukuma chini kabisa ya mkoba, akafunga vifungo vya gauni la kazi na kurudi kwenye joto.

Kiwanda kile kilifua mashuka ya hoteli, na kazi ya mashuka si ya mtu mmoja. Shuka la kitanda kikubwa hutoka kwenye rola ya kupiga pasi likiwa la moto, wawili hulipokea, kila mmoja na pembe zake mbili, wakarudi nyuma mpaka likanyooka, wakakutana katikati, pembe juu ya pembe, wakaachana, wakakutana tena. Mama Kibonge alipokuwa stoo, mwenzake alibaki ameshika pembe mbili na upepo. Mwenzake huyo aliitwa Spika, kwa sababu hakuna mashine mle ndani iliyoweza kumzidi sauti. Spika alikuwa amebuni njia yake. Pembe mbili alizifunga kwenye mgongo wa kiti, akakunja na kiti.

"Kiti hiki kina nidhamu kukushinda," Spika alimwambia Mama Kibonge alipotokea. "Hakizai, hakinyonyeshi, wala hakiombi ruhusa."

Wenzao wakacheka. Msimamizi naye akasogea, mwanamke mfupi waliyemwita Kamera kwa kuwa hakuna kilichompita. "Mama Kibonge, siku hizi unakamua au unachunga ng'ombe kabisa humo ndani?"

Mama Kibonge akacheka pamoja nao. Kibarua hucheka bosi wake anapotania, hata utani ukimchoma. Isitoshe, Kamera hakuwa mbaya. Ni yeye aliyemwombea ile stoo alipotoka uzazini, na ni yeye aliyewaambia wakubwa kwamba mwanamke huyu anarudi kazini na hatawasumbua tena karibuni. Neno hilo la "karibuni" ndilo lililokuwa halimtoki Mama Kibonge kichwani tangu asubuhi, kwa sababu harufu ya dawa ya kufulia, aliyoizoea miaka nenda rudi, leo ilikuwa ikimpindua tumbo.

Alitupa pembe za shuka, akakimbilia choo. Aliporudi, Spika alikuwa amemkazia macho. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane alisema kwa sauti ya chini.

"Shoga yangu, wewe una mimba."

"Acha utani. Mimi ninanyonyesha. Siku zangu zenyewe hazijarudi. Nesi aliniambia kwa kinywa chake, ukinyonyesha hupati."

"Sawa. Na mimba nayo ilimsikia huyo nesi?"

Mama Kibonge alitoa simu na kuitazama picha ya mwanawe, kama alivyofanya kila alipoingiwa na hofu. Msichana wa miezi mitano, mashavu yanataka kufunika macho, mikono ina mikunjo kama imefungwa uzi. Ndiyo maana jina lake halisi lilisahaulika, akabaki Kibonge. Kila aliyeiona picha ile kiwandani alipiga kelele, na Mama Kibonge alikuwa na jibu moja tu, analolitoa huku amejishika kifua: "Maziwa ya mama yake hayo. Hajaonja kitu kingine." Hakuwa na kingine cha kujivunia duniani, basi hiki alijivunia mpaka akakera watu.

*

Zahanati, nesi alikuwa amechoka, na mstari nje ulikuwa mrefu. Aligeuza kile kijiti cha kupimia ili mteja wake ajionee mwenyewe mistari miwili.

"Haiwezekani," alisema Mama Kibonge. "Ulinipa mambo matatu. Mtoto awe chini ya miezi sita. Siku zangu ziwe hazijarudi. Mtoto anyonye tu, asipewe kingine. Yote nimeyafuata."

"Anyonye tu, usiku na mchana," nesi alimalizia. "Sasa niambie. Usiku ananyonya mara ngapi?"

Mama Kibonge akatazama kucha zake. "Usiku analala na bibi yake. Mama mkwe alisema nipumzike, kwa kuwa asubuhi nina kazi."

"Na mchana uko kazini."

"Nakamua. Namwachia kwenye friji."

Nesi akashusha pumzi. Hakuwa na hasira, ila alikuwa amelisema jambo hili kwa wengi. "Mama, kinywa cha mtoto na vidole si kitu kimoja. Mwili ukikaa saa nyingi bila mtoto kunyonya, unajua kazi ya mtoto huyu inakwisha, unajiandaa kwa mwingine. Na hautumi barua. Yai hutangulia, siku zinafuata. Unaweza ukashika mimba hujaona hata tone. Nilikwambia siku ukirudi kazini uje tukupe njia nyingine."

"Ningejuaje?" alisema Mama Kibonge. Lakini alikumbuka kwamba aliambiwa. Alikuwa ameahirisha, maana kuja zahanati kungetaka ruhusa nyingine, na ruhusa za Kamera alizitunza kama akiba. Na usiku wote ambao mama mkwe alimchukua mtoto, yeye alilala kama gogo na akaamka anashukuru.

Alifuta macho kwa kiganja. Akauliza lile ambalo hasa ndilo lililokuwa likimtia hofu. "Na huyu mkubwa? Watu wanasema maziwa ya mwenye mimba ni sumu."

"Watu wanasema. Hata mimi niliambiwa. Hayana kitu, mama. Mnyonyeshe. Yatapungua, ladha itageuka kidogo, lakini hayamdhuru. Wewe kula vizuri, na ukiona damu au tumbo linakukata, njoo mara moja. Na usimwachishe ghafla. Huko kuachishwa ghafla ndiko kunakowaumiza watoto." Akataka kumwita anayefuata, kisha akaiona ile chupa kwenye mkoba ulio wazi. "Hiki ndicho anachokunywa mchana kutwa?"

"Siku hizi ndicho hicho. Na anamaliza yote."

"Na ana uzito gani?"

Mama Kibonge akamwonyesha ile picha. Nesi aliitazama kwa muda, akaitazama chupa, akamrudishia simu yake. "Nenda nyumbani ukamtazame anavyokula," alisema.

*

Walikaa vyumba viwili na jiko dogo mwishoni mwa ukumbi. Ndani ya jiko hilo kulikuwa na fahari ya mume wake, friji nyeupe yenye mlango wa bluu. Mwili wake ulitoka kwa mteja mmoja na mlango ukatoka kwa mwingine. Baba Kibonge alikuwa fundi wa mafriji, na siku mkewe alipotangaza kwamba atarudi kazini, aliikusanya mashine ile kipande kwa kipande ili maziwa ya binti yake yapate pa kukaa. Ilinguruma kama lori lakini iligandisha.

Mlango wa jiko ulikuwa nusu wazi. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, Kibonge mapajani, bakuli la uji mkononi. Alikuwa akipuliza kijiko, anajigusisha mdomoni kupima joto, ndipo anakipeleka. Kibonge alifungua kinywa kabla kijiko hakijafika. Mtoto anayejifunza kula hutema, hushangaa, hujipaka. Huyu alikula kama mtu mzima aliyetoka kulima. Kwenye karai, chupa ya jana ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa, safi.

Kibonge alimwona mama yake, akacheka na uji ukamchuruzika kidevuni. Kisha akageukia kijiko.

Hapo ndipo Mama Kibonge alipoumia. Si kwa ule uji wenyewe, bali kwa jinsi shingo ile ndogo ilivyogeuka.

"Umerudi mapema, mwanangu," alisema mama mkwe, bila kushtuka, maana hakujiona kuwa na kosa.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu siku uliyorudi kazini."

"Na maziwa yangu?"

"Yale yaliyolala? Namwaga. Mtoto hapewi maziwa yaliyolala."

"Hayakulala, yalikuwa kwenye friji!"

"Hata maiti huwekwa kwenye friji, mwanangu. Haiamki."

Mama Kibonge alijikuta amekaa sakafuni, mkoba bado begani. Akafikiria zile chupa zote, vidole vilivyouma, vicheko vya kina Spika, kiti kilichoshikilia pembe zake, barafu iliyomvujia miguuni njia nzima. Vyote vilikuwa vimeishia kwenye karai. Na yale mashavu aliyoyatembeza kiwanda kizima hayakuwa yake peke yake.

"Mama, ungeniambia."

"Ningekwambia, ungekataa. Vijana mnasikiliza manesi." Mama mkwe akafuta kidevu cha mtoto kwa kidole. "Na nilikuwa na sababu. Nilijua hamtavumilia nyinyi wawili. Ukuta huu ni wa ubao, na mimi si kiziwi. Titi la mwanamke anayelala na mumewe halina usalama. Nikasema nimtengenezee mtoto msingi mwingine mapema, siku likitokea la kutokea asiyumbe."

Mama Kibonge akahisi uso unawaka kwa aibu, na juu ya aibu hasira. "Basi limetokea. Nina mimba."

Kijiko kikasimama hewani. Mama mkwe alikirudisha kwenye bakuli polepole, akasimama, akamtupa mtoto mgongoni na kufunga mbeleko kwa fundo ambalo halikuwa la mchezo.

"Leo ndiyo mwisho," alisema. "Usimguse mtoto huyu na hilo titi. Utambemenda."

Neno hilo Mama Kibonge alilijua tangu utotoni. Ndilo waliloambiwa wanawake ambao watoto wao walikonda huku matumbo yao yakijaa. Liliposemwa, mwanamke aliinamisha kichwa. Yeye hakuinamisha.

"Mama, mimba yenyewe imekuja kwa sababu hakunyonya. Huo uji ndio ulioileta."

"Uji!" Mama mkwe alicheka kwa uchungu. "Nimepika uji maisha yangu yote. Haujawahi kumpa mtu mimba."

*

Baba Kibonge aliporudi jioni, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, alikuta wanawake wake wawili wanamsubiri kila mmoja upande wake wa meza. Walizungumza naye bila kuzungumza wao kwa wao, kama vile yeye ni simu.

"Mwambie mkeo mtoto hanyonyi tena."

"Mwambie mama nesi amesema anyonye."

Alisikiliza yote. Alikuwa mtu wa amani, yaani mtu aliyependa ugomvi uishe kabla chakula hakijapoa, na tabia hiyo ilikuwa imemgharimu mengi bila yeye kujua. Alipofikiwa na habari ya mimba aliweka kijiko chini.

"Lakini uliniambia tuko salama," alimwambia mkewe.

"Tungekuwa salama mtoto angekuwa ananyonya! Mama amekuwa akimlisha uji tangu niliporudi kazini."

Baba Kibonge alianza kujikuna shingo. Mkewe alimjua. Mume wake hujikuna shingo anapotaka kujitia hamnazo.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Niliona mara moja mbili. Nikasema hayo ni mambo ya chakula. Nani angeniambia kwamba uji wa mtoto unanihusu mimi?"

"Mara moja mbili! Na mimi kila siku navua gauni kwenye stoo ya matambara, watu wananiita ng'ombe, na wewe umekaa unaangalia maziwa yanamwagwa!"

"Ningesema nini? Huyu ni mama yangu, wewe ni mke wangu. Nikifungua mdomo nyumba inawaka."

"Sasa haijawaka?"

Baba Kibonge alimgeukia mama yake, akamgeukia mkewe, mwisho akasema lile walilojua wote kwamba atalisema. "Basi tumwachishe tu, tuondoe shari. Uji anakula. Hatakufa."

Mama Kibonge akaanza kulia kwa sauti, wala hakujali majirani. Mama mkwe yeye hakulia. Alisimama na mtoto mgongoni, ameshika fundo la mbeleko kwa mikono yote miwili.

"Akinyonya tena hilo titi, kesho nafunga virago vyangu. Mtafute wa kuwalelea. Sitakaa kumwangalia mtoto akiishia mikononi mwangu mara ya pili."

"Mama, yameanza tena hayo," alisema mwanawe.

Mama mkwe akaingia chumbani kwake na Kibonge, akafunga mlango. Wote watatu walijua kwamba asipokuwepo yeye hakuna kazi ya mashuka, na pasipo kazi ya mashuka hakuna kodi ya vile vyumba. Ndiyo maana Mama Kibonge hakuuvunja ule mlango. Lakini yale maneno ya "mara ya pili" yalimbaki kichwani.

*

Siku mbili alikwenda kazini na kurudi bila mtoto kupewa titi. Maziwa yaliyokuwa haba kwenye chupa sasa yalijaa ovyo, yakamlowesha gauni mbele ya rola, na Spika akamfunika kwa shuka bila kusema neno lolote, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Mwambie Kamera," alisema baadaye. "Atajua tu. Afadhali ajue kwako."

"Nitamwambia," alijibu Mama Kibonge. "Kwanza nimpate mwanangu."

Siku ya mapumziko, asubuhi, Kibonge hakutaka kijiko. Alikuwa ameanza kuhara, na alipobembelezwa alilia kilio chembamba kisicho chake. Mama mkwe alimbeba huku na huku ukumbini, uso umemsawijika.

"Umeona?" alisema alipomwona mkaza mwanawe mlangoni. "Ni maziwa yale ya mwanzo. Yalishamwingia."

"Hajanyonya tangu juzi, mama. Hana kitu tumboni ila uji na maji. Nipe mwanangu."

"Sikupi."

"Nipe mwanangu!"

Alimchukua kwa nguvu. Mbeleko ilifunguka ikaanguka chini, na kwa kitambo walisimama wakihema, wanawake wawili ambao siku nyingi walikuwa wakiosha vyombo pamoja. Kibonge alikuwa wa moto. Mama mkwe alitaka kuokota mbeleko, lakini alipoinama hakuinuka. Aliketi pale pale sakafuni, nguo ile mapajani.

"Wangu wa kwanza alikuwa hivi hivi," alisema. "Na mashavu. Watu walikuwa wakisimama njiani kumfinya. Kisha nikapata mimba ya huyu baba yake Kibonge. Wakaniambia maziwa yamegeuka sumu, mtoe mtoto upesi. Nikapaka shubiri kwenye titi. Alikuwa akija, analamba, analia, anarudi tena. Alifikiri mara hii litakuwa limepona." Akanyoosha ncha ya mbeleko juu ya goti. "Nikampa maji ya mchele. Sukari nilitia ilipokuwepo. Akaanza kuhara kama huyu. Akayeyuka. Wakasema nilichelewa kumtoa, sumu ilishamwingia. Mpaka leo najua hivyo. Nilichelewa."

Mama Kibonge alikuwa na hasira, na alikuwa na huruma, na alichokisema kilitoka na vyote viwili. "Hukuchelewa, mama. Maziwa yako hayakuwa na kitu. Nesi amesema hayana kitu kabisa."

Alidhani anampa faraja. Alidhani pia, na hilo lisifichwe, kwamba ameshinda.

"Hayana kitu?" mama mkwe aliuliza.

"Hayana."

"Hata ya mwenye mimba?"

"Hata ya mwenye mimba."

Mama mkwe alitikisa kichwa kama mtu anayefanya hesabu ndogo. Ilimchukua muda kuifikisha mwisho. "Sasa kama hayakuwa na kitu," alisema, "mtoto wangu aliuawa na nini?"

Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na Baba Kibonge alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji yake, bisibisi mkononi, akirekebisha ule mngurumo. Maisha yake yote alikuwa amesikia kwamba alitanguliwa na ndugu aliyekufa mdogo. Hakuwahi kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyekuwa tumboni. Bisibisi ikamponyoka, ikalia kwenye saruji.

"Matiti yangu yalikuwa yamejaa," alisema mama mkwe. "Yalikuwa yananiuma usiku kucha kwa kujaa. Nikayakamua nikamwaga nje. Na mtoto yuko ndani anakufa kwa njaa."

Mama Kibonge angeweza kulirudisha lile neno, angelirudisha. Alipiga magoti na Kibonge mkononi, akamshika mama mkwe begani. Tangu aolewe hakuwahi kumshika hivyo. "Mama, ungejuaje? Uliambiwa na watu wazima. Ungejuaje?"

"Niache," alisema mama mkwe. Si kwa ukali. "Mtoto analia. Mpe."

Mama Kibonge alifungua gauni pale pale sakafuni. Kibonge aligeuza uso mara ya kwanza. Mara ya pili alilamba, akasita, akamtazama mama yake kama anayeuliza kitu. Kisha akashika, na vidole vyake vikafumba juu ya titi. Baba Kibonge alitoka jikoni akasimama, hakujua pa kuweka mikono yake yenye grisi. Mama mkwe alikuwa ametazama ukutani.

*

Walimpeleka zahanati siku ile ile, wakapewa dawa ya kuchanganya na maji, na jioni joto likashuka. Usiku Kibonge alilala kwa mama yake. Mama mkwe hakubisha. Hakusema lolote tena, wala habari ya titi wala habari ya virago, na ukimya huo ulimtisha Mama Kibonge kuliko maneno. Baba Kibonge aliosha vyombo bila kuombwa, akavunja sahani moja.

Asubuhi rola ilikuwa inasubiri. Mama Kibonge alinyonyesha, akaacha chupa kwenye friji, nusu kama kawaida ya siku hizi, akakaa kwenye kizingiti cha ukumbi kuvaa viatu. Alikuwa ameamua kwamba leo atamwambia Kamera. Alijua atakavyotazamwa. Alijua pia kwamba huenda mwezi ujao pembe zake mbili zikashikwa na kiti moja kwa moja. Lakini si hilo lililomfanya akawie na kamba za viatu. Alikuwa akisikiliza jikoni. Akiondoka, ile chupa itaingia kinywani au kwenye karai? Hakuwa na njia ya kujua, na hakuwa na moyo wa kuuliza.

Mlango wa friji ulifunguka. Aligeuza kichwa.

Mama mkwe alikuwa ameitoa chupa. Aliiweka kwenye bakuli la maji ya moto, akasubiri, akaijaribu kwenye mkono. Akamimina kwenye kikombe kidogo. Kibonge, aliyekuwa amekalishwa kwenye mkeka na mito kila upande, alimfuata kwa macho. Mama mkwe akakiinua kikombe mpaka puani, akanusa. Akakaa hivyo.

Mama Kibonge aliacha kamba. Alikuwa karibu kusimama.

Mama mkwe akaonja. Alichukua fundo dogo, akalishikilia mdomoni muda mrefu, macho yamefumbwa, kama mtu aliyejitolea kufa kwanza yeye. Halafu akameza.

"Matamu," alisema. Hakuwa anasema na mtu yeyote.

Akaonja tena, tone tu, kuhakikisha.

"Kumbe ni matamu," alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamshuka bila kufutwa. "Basi hata yangu yalikuwa matamu."

Kibonge akapiga mkeka kwa kiganja, anadai haki yake. Mama mkwe akapiga magoti mbele yake, akamwekea kikombe mdomoni, na hakumwaga hata tone.